Rimu Mpya, Gari Halitaki Kona

"Mjomba, nimefunga rimu mpya, gari limeharibika."

Nilikuwa nimechutama mbele ya beseni, nimezamisha mpira wa baiskeli kwenye maji natafuta pancha. Nikainua uso nilitazame hilo gari. Barabarani palikuwa na baiskeli tano, mkokoteni wa madafu na mbuzi. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, vidole bado vimekunjika kama vilivyokuwa vimeshika padi. Ndipo nikaelewa kwamba gari lake liko ndani ya kioo.

Mimi ni fundi pancha hapa Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu amefungua kibanda cha gemu ubavuni mwangu, katikati yetu pana bati moja tu, na wateja wake wamezoea kuniletea magonjwa ya magari yasiyokuwepo kana kwamba nina jeki ya kuyainulia. Mwanzoni nilikuwa nawafukuza. Siku hizi nikishafunga kazi nakaa nao, na nimegundua kwamba magonjwa mengi ni yale yale ninayoyaona barabarani, isipokuwa machache ambayo ni ya kwenye kioo peke yake.

Nayaandika hapa jinsi malalamiko yanavyokuja. Msimamo wangu nausema mapema ili tusigombane baadaye: mara nyingi rimu husingiziwa. Mwenye kosa huwa ni tairi lililovalishwa juu yake, au kipimo chake, au mguu wa dereva.

Kabla ya yote: gemu yenyewe inaihesabu rimu?

Swali hili hawaliulizi, na ndilo lingewaokolea hela ya raundi tatu.

Kuna gemu ambazo gurudumu ni urembo mtupu. Rocket League, iliyotoka 2015, utafunga magurudumu yanayowaka moto na gari litabaki lile lile. Namna linavyougonga mpira inategemea bodi uliyochagua. Ukija kwangu na malalamiko ya rimu za Rocket League nitakurudisha ulikotoka.

Kuna gemu za upande wa pili kabisa. Mario Kart 8 Deluxe ya 2017, kuchagua magurudumu ni kuchagua tabia ya gari. Yale madogo yanayoitwa Roller yanaondoka upesi lakini mwendo wa mwisho ni mdogo. Slick yana mbio, ila ukitoka nje ya barabara yanateleza kama kambale. Monster ni mazito, yanashika mchangani, na kukata kona kwake ni kwa kubembeleza. Hapo usitafute elimu ya raba wala ya upepo. Ni jedwali la namba, umejiongezea huku umejipunguzia kule.

Katikati ndipo zilipo gemu zinazojaribu kuiga gari la kweli. Forza Horizon 5 ya 2021, ambayo mpwa wangu anayo kwenye kompyuta, inaipa kila rimu uzito wake. Ukiwa dukani ukipitisha mtindo mmoja baada ya mwingine utaona uzito wa gari unapanda na kushuka. Hapo rimu inahesabiwa kweli.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki. Ingia dukani, andika pembeni uzito wa gari na ile namba ya daraja lake, ambayo gemu inalipimia gari ubora, kisha badilisha rimu peke yake. Namba ikitikisika, tuna jambo la kuzungumza. Isipotikisika, nenda barabarani: mizunguko mitatu na rimu za zamani, mitatu na mpya, gari lile lile, njia ile ile, hali ya hewa ile ile. Mzunguko wa kwanza wa kila upande utupe, huo ni wa mkono kuzoea. Kama tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko tofauti ya mizunguko yako miwili yenyewe kwa yenyewe, hakuna ugonjwa. Umejisikia tu.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vijana hawa wanabadilisha rimu, raba, springi na gia kwa mpigo, halafu wananiuliza kipi kimeharibu. Nitajuaje?

Namba zilizo ubavuni mwa tairi

Hapa nitakaa kidogo, maana bila hili kila kinachofuata ni ngano.

Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana, milimita 195. Ya pili inasema ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya huo upana, yaani karibu milimita 127. Ya mwisho ni rimu, inchi 15, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini, unapata gurudumu zima la milimita 634 na nusu.

Sasa kijana anataka rimu ya inchi 17 kwa sababu inapendeza. Akifunga 225/45R17, ubavu unakuwa milimita 101 na kitu, na gurudumu zima ni milimita 634. Kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba chuma kimekula nafasi ya raba: ubavu umepungua milimita 25, na upana umeongezeka 30. Lakini akifunga 225/50R17, namba moja tu imebadilika, gurudumu linafika karibu milimita 657. Hilo ni refu kwa asilimia tatu na nusu, na gari zima linajua.

Kwenye gari la kweli hilo la pili linadanganya hata mshale wa mwendo. Unaposoma 100 unakimbia zaidi ya 103. Nimewahi kumwambia mteja mmoja hivyo, akaniambia ndiyo maana siku hizi anafika Muheza mapema.

Kwa hiyo mtu akisema "nimebadilisha rimu" amebadilisha vitu vinne bila kujua: uzito, ubavu, upana, na pengine kimo. Kila kimoja kina dalili yake.

Dalili: gari halichanganyi, na breki zimekuwa ndefu

Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linajivuta kama limebeba magunia ya katani. Ukifika kwenye kona uliyoizoea, breki uliyokuwa unapiga kwenye bango sasa haitoshi.

Sababu ya kwanza kuangalia ni uzito wa magurudumu. Kilo iliyo kwenye gurudumu si sawa na kilo iliyo kwenye kiti. Kiti kinasogea mbele tu, gurudumu linasogea mbele na papo hapo linazunguka, kwa hiyo injini inalilipia mara mbili. Kilo iliyokaa ukingoni kabisa mwa gurudumu huhesabika kama kilo mbili wakati wa kuongeza mwendo, na kama kilo mbili tena wakati wa kusimama. Iliyokaa karibu na nati za katikati haifiki huko. Rimu kubwa ina dhambi hapa, kwa sababu chuma chake kimesogezwa kwenda ukingoni.

Ndiyo maana Wajapani wanasifia rimu nyepesi. TE37 ya kampuni yao ya Rays, iliyotoka 1996, jina lake limebeba uzito wake: 37 ni kilo 3.7, rimu ya inchi 15. Kwenye Forza utaikuta, na vijana wanaifunga kwa jina bila kujua ile namba inasema nini.

Lakini tufanye hesabu kabla ya kuogopa. Tuseme kila rimu mpya imezidi ya zamani kwa kilo 3. Nne ni kilo 12. Hata tukizihesabu zote mara mbili ni kilo 24. Gari la kilo 1,100 limeongezewa kama asilimia mbili. Utaiona kwenye saa, hasa njia yenye kona nyingi ambako unasimama na kuondoka mara kwa mara. Ila asilimia mbili haigeuzi farasi kuwa punda. Ukisikia gari limekufa kabisa, sababu iko kwingine, na mara nyingi iko katika moja ya hizi mbili.

Ya kwanza ni kimo. Gurudumu likirefuka, kila gia inarefuka nalo. Ni kama baiskeli uliyoibadilishia gia ya mbele ukaweka kubwa: mteremko wa kutoka Amani unafurahi, kupanda unashuka kusukuma. Tazama kama gari sasa linafika mwisho wa barabara ndefu kabla halijaimaliza gia ya mwisho. Kama ndivyo, kaza uwiano wa difu, ule unaozigusa gia zote kwa pamoja, kwa kiasi kile kile gurudumu lilichorefuka. Asilimia tatu na nusu kwa asilimia tatu na nusu. Usiguse gia moja moja kabla hujafanya hivyo.

Ya pili ni aina ya raba. Duka la gemu likikuletea rimu na matairi kwa pamoja, soma jina la tairi. Breki ndefu ni dalili ya raba ngumu kuliko ya chuma kizito. Ukirudisha raba ya zamani kwenye rimu mpya na breki zikarudi, rimu imeshashinda kesi.

Dalili: pua haiingii kwenye kona

Hii ndiyo ya yule kijana wa kwanza, na ndiyo inayokuja kila wiki.

Alikuwa na Toyota Supra kwenye Forza. Nikamwambia twende tukalione. Anageuza, matairi ya mbele yanalia, gari linaendelea kwenda linakotaka lenyewe, kichakani. Nikamuuliza kabla ya rimu lilikuwaje. Akasema lilikuwa linageuka hadi linazidi. Nikafungua orodha ya alivyofunga. Rimu za nyuma kubwa kuliko zote. Upana wa tairi la nyuma, wa mwisho kabisa. Mbele? Mbele aliacha kama lilivyotoka kiwandani, kwa sababu kila kifaa bora kinakula pointi za daraja la gari, na zake zilimwishia.

Sasa fikiri. Nyuma umepafunga gundi, mbele umepaacha. Ukigeuza usukani, mkia unakataa kuzunguka na pua haina nguvu ya kuulazimisha. Gari linakwenda mbele. Rimu haikuwa na kosa lolote hapo, hata uzito wake haukuwa mbaya. Tukapunguza upana wa nyuma hatua mbili, pointi zilizorudi tukazipeleka mbele, hatua moja. Kona ile ile akaipita bila kuacha rangi ukutani. Rimu zake za urembo tukamwachia.

Kama si mizani ya mbele na nyuma, fuata hivi.

Punguza mwendo wa kuingilia kona kwa kilomita kumi kwa saa, usibadilishe kitu kingine. Gari likigeuka, ugonjwa ni mguu. Hili wanalichukia, na ndilo linaloponya wengi. Tairi lina nguvu moja tu ya kugawa. Ukiitumia yote kusimama, hakuna inayobaki ya kugeuka. Mtu anayepiga breki mpaka katikati ya kona anamwomba mchukuzi aliyejitwisha gunia abebe na ndoo.

Likikataa hata kwa mwendo mdogo, angalia kama gari ni la kuvuta mbele. Hayo matairi ya mbele yana kazi tatu: kusimama, kugeuka, kuvuta. Ukikanyaga mafuta mapema pua inafunguka kwenda nje. Kwa gari la namna hii, kama una pointi za upana au za raba laini, zitangulie mbele, hata kama macho yanaona gari limekaa vibaya.

Halafu upepo. Tairi la mbele lililojazwa kupita kiasi linakanyaga kwa katikati tu, mabega yamening'inia. Shusha kidogo kidogo, jaribu, shusha tena. Likianza kuwa kama linaogelea, unageuza usukani na gari linafikiri kwanza, umeshusha mno, rudi hatua moja. Gemu nyingi za kuiga zina ukurasa wa kuonyesha joto la tairi ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa moto kuliko pembeni, upepo umezidi. Pembeni pakiwa moto kuliko katikati, umepungua. Kwenye gari la kweli mimi nasoma kwa kidole raba ilivyoliwa, ni kisa kile kile.

Kwenye Forza kuna pia kutanua ekseli, yaani magurudumu yanasogezwa nje. Ukitanua mbele, uzito unaohamia tairi la nje wakati wa kona unapungua na tairi la ndani linapata kazi kidogo. Inasaidia. Lakini ni chumvi, usiitegemee kuwa ndiyo chakula.

Dalili: mkia unatoka

Usiniambie "mkia unatoka" tu. Niambie unatoka lini.

Ukitoka wakati unakanyaga mafuta kutoka kwenye kona, na gari ni la kusukuma nyuma, raba ya nyuma haitoshi kwa injini uliyoipa. Vijana wanapenda kuongeza nguvu mara mbili na kuacha matairi ya kiwandani, sawasawa na mtu aliyefunga injini ya lori kwenye bajaji. Hapa ndipo tairi pana nyuma lina haki yake. Kabla ya kulinunua, jaribu kukanyaga mafuta kwa nusu. Kidole cha padi kina safari fupi na wengi wanakitumia kama swichi ya taa.

Ukitoka wakati wa breki, kabla hujageuza, chunguza mgao wa breki. Umepeleka nyingi nyuma. Magurudumu hayamo kabisa.

Ukitoka ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito umekimbilia mbele na nyuma pamekuwa pepesi. Hili ni la dereva.

Ukitoka mizunguko miwili ya kwanza kisha gari linatulia, matairi yalikuwa baridi. Gemu ya Assetto Corsa inalihesabu joto la tairi, na raba ya mashindano ikiwa baridi haina tofauti na kipara. Kinyume chake, gari likianza vizuri likaharibika baadaye, raba inakwisha. Nyuma imetangulia kwisha kwa sababu ya ule mchezo wako wa kuzungusha bure.

Na kuna kosa moja la kipuuzi linalonichekesha kila ninapolikuta. Gran Turismo 7, ya 2022, ina raba tisa za barabara kavu, zimegawanywa kwa herufi: C za starehe, S za spoti, R za mashindano, na kila kundi lina H ngumu, M ya kati, S laini. Inakuruhusu kufunga aina moja mbele na nyingine nyuma. Mtoto ananunua seti ya RS, anaifunga mbele, anasahau nyuma pana CH. Mbele linanata kama ulimbo, nyuma linatembea kwenye mafuta ya nazi. Anakuja kuniambia rimu zina kasoro.

Dalili: gari linarukaruka kwenye kingo za njia

Ubavu wa tairi ni springi ya kwanza kabla ya springi yenyewe. Ukiupunguza kwa rimu kubwa, gari linaitika upesi zaidi ukigeuza usukani, na hilo ni zuri kwenye lami laini. Kwenye kingo zenye mistari au barabara yenye mabonde, tairi halina pa kunyumbulika, gurudumu zima linaruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Uzito wa rimu unazidisha, kwa maana shokapu inapaswa kuirudisha chini rimu nzito kabla ya kishimo kinachofuata.

Rudisha rimu inchi moja chini. Hutaki? Basi legeza springi na shokapu, ongeza kimo cha gari kidogo, na acha kupanda kingo.

Barabarani ugonjwa huu unanilisha. Mtu anafunga inchi 18 kwenye gari dogo lililozaliwa na 14, anakwenda nalo mpaka kijijini kwao, Jumatatu ananiletea rimu iliyopinda kama bakuli la bati lililokanyagwa. Kwenye gemu rimu hiyo haipindi. Ingekuwa inapinda wangejifunza mapema.

Dalili: lilikuwa zuri kwenye lami, vumbini limekuwa wazimu

Wazee wa hapa wanazikumbuka mbio za Safari, zilizoanza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 2021 zilirudi kwenye ubingwa wa dunia kule Kenya. Watazame wale wa ubingwa wa dunia: kwenye lami wanafunga rimu za inchi 18, kwenye changarawe wanashuka hadi 15. Wana fedha ya kununua rimu yoyote, na wanachagua ndogo. Wanataka ubavu mrefu unaomeza mawe, na tairi jembamba kidogo linalochimba mpaka chini penye udongo mgumu badala ya kuelea juu ya vumbi.

Basi fanya hivyo hivyo. Kwenye Forza ondoa raba ya lami, weka ya rali au ya nje ya barabara, shusha rimu, shusha upepo kidogo. Usijaribu kuponya vumbi kwa springi wakati bado umevaa raba ya lami. Utahangaika mpaka umeme ukatike.

Mvua ni fupi zaidi. Raba ya mashindano ya kikavu haina mifereji, maji hayana pa kwenda, gari linapanda juu ya maji. Gran Turismo 7 inazo raba mbili za maji, ya mvua ya kati na ya mvua kubwa. Ukitumia ya mvua kubwa njia ikianza kukauka, utaona inavyokwisha. Ukiingia kubadilisha, usisubiri mzunguko mmoja zaidi. Kila mtu kibandani hapa amesubiri mzunguko mmoja zaidi.

Dalili: gari limekataliwa kuingia mashindanoni

Hii si ya barabarani lakini inaleta kelele nyingi. Forza Horizon 5 inapima gari kwa namba: daraja A linaishia 800, S1 linaanzia 801. Rimu nyepesi inaboresha gari, kwa hiyo inaweza kupandisha namba. Gari lililokuwa 800 kamili likavaa rimu nyepesi, limekuwa 801, limetupwa kwa wakubwa. Weka rimu nzito zaidi kidogo, au punguza kitu usichokihitaji. Hapa rimu nzito inakuwa na kazi ya maana: mtu anaongeza chuma kwa makusudi ili abaki darajani, kisha anaitumia nafasi iliyobaki kwenye raba. Mimi naona ni biashara nzuri, kwa hesabu ile ile ya asilimia mbili tuliyoifanya juu.

Dalili: gari linavuta kushoto

Gari la kweli likivuta upande mmoja naanza na upepo, kisha naangalia kama matairi ya mbele yanalingana, kisha nampeleka mtu akapimishe alaimenti. Kwenye gemu, ukibadilisha rimu zinabadilika mbili mbili, kushoto na kulia sawa. Kwa hiyo rimu haiwezi kuvuta upande mmoja, isipokuwa gari limegongwa na gemu inahesabu majeraha.

Mwezi uliopita walinijia watatu kwa jioni moja, kila mmoja na gari lake, kila mmoja analaumu rimu zake, na yote yanavuta kushoto. Nikawauliza mmekaa wapi. Wote kiti kile kile cha ukutani. Nikaingia, nikaishika padi, nikaiweka juu ya meza bila kuigusa. Gari kwenye kioo likaanza kugeuka taratibu kuelekea kushoto, lenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Kile kijiti cha kushoto kimelika ndani, hakirudi katikati. Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio akaongeza lile eneo la katikati ambalo gemu inapuuza mguso. Gari likanyooka. Ila sasa usukani una uzembe mwanzoni, lazima usukume kidogo kabla haujaitika, na wateja wameanza kusema pua haiingii kwenye kona.

Padi mpya ameagiza. Mpaka ifike, kiti cha ukutani ni cha mpira wa miguu.